Gari limerudi na alama: tumwambieje fundi wetu?



Mara nyingi amana inapozungumzwa, maneno huelekezwa kwa yule aliyepewa: mwenye duka, mshonaji, dereva, fundi. Wiki hii tunapenda kumgeukia mwenye mali, kwani naye anayo mizani yake mbele ya Allah (s.w.), na sisi wenyewe tuliwahi kuipima vibaya.

Tunalo gari moja dogo, kuukuu, ambalo kwa miaka mingi halijaguswa na fundi mwingine isipokuwa mmoja, ambaye tunaswali naye msikiti mmoja. Gereji yake ni ile ya kawaida ya mitaani hapa Dar es Salaam: uwanja wenye mwembe, kontena la kuwekea vifaa, na vijana wanne au watano wanaojifunza kazi chini yake. Hatujapata kuandikiana naye karatasi. Tunaacha ufunguo, tunaondoka, jioni tunapigiwa simu. Akibadilisha kifaa hutuletea kile cha zamani tukione kwa macho yetu, na zaidi ya mara moja ametuambia kwamba kile tulichodhani kimekufa bado ni kizima, tusipoteze fedha. Wenye magari ya zamani wanajua fundi wa namna hiyo ana thamani gani kwa familia.

Masika moja tulimpelekea gari abadilishe breki pedi za mbele na bushi. Tulilichukua jioni, mvua ikinyunya na adhana ya Magharibi ikikaribia. Tukalipa, tukashukuru, tukaondoka. Asubuhi yake, siku ya Ijumaa, mwenzetu wa nyumbani alikuwa akiwapakia watoto kwenda shule, akaliona. Kwenye kona ya nyuma, upande wa kushoto, bati lilikuwa limebonyea kiasi cha kiganja cha mtoto, na rangi imetoka kwa urefu wa kidole.

"Baba, hii umeiona?"

Hatukuwa tumeiona. Tukasema maneno yaliyosikika mazuri: fundi ni mtu wetu, alama yenyewe ndogo, gari lenyewe zee, yaishe. Mwenzetu akatutazama, akauliza, "Umemsamehe, au umeona haya?"

Swali hilo hatukulijibu. Jibu lilijitokeza lenyewe katika siku zilizofuata. Kila tulipopita nyuma ya gari jicho lilikwenda palepale. Katika hitima ya jirani tulimsimulia shemeji yetu, kwa kicheko, kwamba siku hizi ukipeleka gari kwa fundi likiwa na tatizo moja unarudishiwa na mawili. Shemeji hakucheka sana. Alikuwa na gari lake alilokusudia kulipeleka kwa fundi huyohuyo, akalipeleka kwingine, na huko alikolipeleka akaeleza sababu. Nasi msikitini tukaanza kutokea mlango wa upande wa pili. Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageukia huku na yule kule. Sisi tulikuwa tunaelekea wiki ya tatu, na mtu mwenyewe hakujua kosa lake.

Fundi alikuja nyumbani baada ya Isha. Alikataa chai kwanza, jambo ambalo hajapata kulifanya. "Ndugu yangu," akasema, "nimesikia kwa watu kwamba gari yako ilibonyezwa kwangu. Mbona mimi sikuambiwa?"

Tulitoka naye nje. Akamulika kwa tochi ya simu, akachuchumaa, akapitisha kidole. Kutu ilikuwa imeshaanza kuchora mstari mwekundu pale rangi ilipotoka, na kwa mvua za msimu ule hakuna ambaye angeweza kusema kama jeraha lile ni la wiki moja au la mwezi. Katika siku hizo gari lilikuwa limeegeshwa sokoni, hospitalini, na kandokando ya barabara siku ya mazishi. Fundi akasimama.

"Ungeniambia Ijumaa ile ningewauliza vijana kabla hawajasahau, na tungeangalia ukutani kwangu kama kuna rangi ya gari yako. Sasa ule ukuta nimeupaka chokaa, na kijana mmoja ameshakwenda kwao Lindi. Nikikubali, nitakuwa nimemtwisha kosa mtu asiyekuwepo. Nikikataa, utaniona mwongo. Umeniweka pabaya."

Hatukuwa na la kusema. Tukamwomba radhi, hasa kwa yale ya hitimani. Naye akaona tusuluhiane: sisi tununue rangi na puti, yeye atoe kazi yake bila malipo. Jumapili iliyofuata akamleta fundi bodi, wakalinyoosha, wakapiga rangi, na leo huwezi kutambua. Mpaka sasa hatujui kama siku ile alilipa deni lake au tulikula jasho lake. Tungeuliza mapema tungejua.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu wasomaji kadhaa, hususan akina mama wanaoendesha magari ya familia, wamekuwa wakituuliza kama kumkabili fundi kwa mkwaruzo mdogo ni uchoyo, na kama kunyamaza ndiyo subira. Maswali haya yana majibu katika elimu ya dini yetu, nayo ni mapana kuliko tunavyodhani.

Mafaqihi wamelizungumza sana suala la fundi anayepokea kazi za watu wengi, ambaye katika vitabu huitwa ajiri mushtaraki: mfua vyuma, mshonaji, mpaka rangi wa nguo. Je, kitu kikiharibika mikononi mwake, analipa? Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba aliwabebesha mafundi dhamana, akiona kwamba mambo ya watu hayatatengemaa bila ya hivyo. Wanazuoni wa Kimaliki wameifuata njia hiyo. Abu Hanifa alitofautisha: kilichoharibika kwa kitendo cha mkono wa fundi analipa, na kilichoharibika bila kitendo chake halipi. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walikuwa wakali zaidi, wakasema analipa ila kwa janga lisiloweza kuepukwa, kama moto mkubwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana: halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Ar-Rabii, mwanafunzi wake, ameeleza kwamba Imamu mwenyewe alikuwa na rai hiyo lakini hakupenda kuitangaza, kwa kuwachelea mafundi wabaya.

Tunaipenda sana khabari hiyo ya Ar-Rabii. Inatuonyesha kwamba wanazuoni wakubwa waliwajua mafundi wa zama zao kama sisi tunavyowajua wa kwetu, wema na waovu. Lakini msomaji aangalie jambo jingine. Rai zote hizo, hata ile inayomhurumia fundi, zinahitaji kwanza kujulikana kilichotokea. Kijana alirudisha gari nyuma bila kutazama? Huo ni uzembe. Tawi la mwembe lilianguka kwa upepo? Hilo si lake. Na kama alama ilikuwepo kabla, basi hakuna kesi kabisa. Hakuna kadhi wala sheikh atakayekusaidia ikiwa wewe mwenyewe hukuuliza.

Ama haya ya kudai, tuikumbuke khabari iliyopokewa na Abu Huraira (r.a.) ya yule mtu aliyekuwa akimdai Mtume (s.a.w.) ngamia. Alikuja akadai kwa maneno makali, Masahaba wakataka kumwadabisha. Mtume akawazuia, akawafahamisha kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Ikiwa aliyesema kwa ukali aliachiwa nafasi yake, basi mwenye kuuliza kwa upole ana nini cha kuonea haya?

Na pia tusilichanganye hili na kusengenya. Imamu Nawawi, katika kuhesabu hali chache ambazo kumtaja mtu kwa asilolipenda kumeruhusiwa, ametanguliza ya aliyedhulumiwa kupeleka shauri lake kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki. Katika mkwaruzo wa gari, mwenye uwezo huo kwanza kabisa ni fundi mwenyewe. Shemeji hitimani hakuwa na uwezo wowote isipokuwa wa kulieneza. Na ile Aya ya 12 ya Surat al-Hujurat, tunayoipenda kuisoma tunapokataza umbeya, inaanza na dhana mbaya kabla ya kufika kwenye kusengenya. Sisi tulipita njia hiyohiyo kituo kwa kituo.

Basi mtu afanyeje? Kwanza gari lichukuliwe mchana. Tunasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nusu ya ugomvi wa gereji unazaliwa magharibi, watu wana haraka ya swala na mwanga umekwisha. Zunguka gari lako mwanzo kabla hujaacha ufunguo, ukiwa na fundi au mmoja wa vijana wake, na zunguka tena kabla hujaondoka. Simu ya mkononi inapiga picha bila gharama: pande nne, bampa zote mbili, rimu, dashibodi ikionyesha kilometa. Wengine wanaona kumpiga picha gari mbele ya fundi mwaminifu ni kumtukana. Allah (s.w.) ametuamrisha kuandikiana madeni hata baina ya waumini, na hakuna aliyesema kwamba Aya hiyo inawatukana waumini. Picha inamlinda fundi kama inavyokulinda wewe, na pengine yeye zaidi.

Ukiligundua jambo baada ya kufika nyumbani, usilioshe gari na wala usilipeleke kwa fundi mwingine kulifuta. Litazame vizuri. Mkwaruzo mpya kwa kawaida ni msafi ndani, wakati wa zamani umeshakamata vumbi au, kama ni kwenye bati, kutu. Bampa la plastiki halipati kutu, kwa hiyo hapo angalia uchafu na rangi ngeni iliyobaki juu yake. Pima urefu wake kutoka chini: alama iliyo usawa wa goti haikutokana na kitu kilicho usawa wa kiuno. Waulize wa nyumbani bila kuwatisha. Tunawajua watu waliokwenda gereji na hasira, kumbe kijana wao wa kidato cha tatu ndiye aliyegonga lango usiku akaogopa kusema. Ukali wetu nyumbani ndio unaowafundisha watoto kuficha, kama ukali wa mwenye gereji unavyowafundisha vijana wake kuficha.

Kisha nenda siku hiyohiyo au ya pili yake. Nenda mwenyewe, usitume mtu, na usianze kwa ujumbe wa simu ambao hauna uso wala sauti. Mwombe fundi pembeni. Usimwambie mbele ya wateja wala mbele ya wanafunzi wake, kwani mtu akivunjiwa heshima mbele ya anaowaongoza atajitetea hata pale ambapo angekiri. Maneno yawe ya kuuliza, na yawe kamili. Kwa mfano: "Fundi, jana nimechukua gari saa kumi na mbili jioni. Leo asubuhi nyumbani tumeona hapa nyuma pamebonyea. Kabla sijaleta hapakuwa hivi, picha hii hapa. Sijui limepatia wapi, naomba tuliangalie pamoja." Hapo hujamwita mwongo wala mzembe, na hujaificha haki yako. Baada ya kusema, nyamaza, umpe muda wa kuwauliza vijana wake. Fundi anayejibu papo hapo "si sisi" bila kutazama, na anayejibu papo hapo "nitalipa" bila kuuliza, wote wawili hawajakupa jibu.

Ikithibitika, omba kitu kitengenezwe, usiombe fedha. Fundi bodi anaweza kunyoosha bonyeo dogo kwa saa chache, na gharama kwa mwenye gereji si kama gharama kwako. Na tusijidanganye kwamba bima itamaliza jambo: ile ya wahusika wengine, ambayo wengi wetu tunaiita bima ndogo, hailipi madhara ya gari lako mwenyewe. Ukiamua kusamehe, samehe mbele yake, kwa ulimi, ukimwambia ni nini unachomsamehe. Msamaha wa kimoyomoyo unaotolewa kwa mtu asiyejua kosa lake, halafu ukasimuliwa kwa shemeji, sisi hatuuiti msamaha.

Neno kwa ndugu zetu mafundi. Wengi wenu husoma gazeti hili chini ya miembe yenu mkisubiri vipuri, na hatukusudii kuwaacha nje. Anas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, mwingine akampelekea chakula ndani ya bakuli. Yule mwenye nyumba akampiga mkono mtumishi aliyelibeba, bakuli likaanguka likavunjika. Mtume akaokota vipande, akakikusanya chakula, akawaambia waliohudhuria kwamba mama yao ameshikwa na wivu. Hakumkaripia mbele ya wageni. Lakini pia hakusema bakuli ni kitu kidogo: alimzuia yule mtumishi asiondoke mpaka likaletwa bakuli zima kutoka nyumba ile lilimovunjikia, likapelekwa kwa aliyevunjiwa, na lile bovu likabaki kwa aliyelivunja. Aliyevunja alisitiriwa, na aliyevunjiwa alilipwa, na mtumishi aliyetumwa hakurudi na aibu isiyo yake.

Basi kijana wako akikwaruza gari la mtu, mpigie mwenye gari kabla hajafika. "Mzee, gari yako imepata tatizo kwangu, tunalitengeneza, utachelewa siku moja." Simu hiyo ni nzito kuipiga, tunakubali, lakini mteja aliyepigiwa simu ya namna hiyo hatafuti fundi mwingine. Na kijana naye asifukuzwe kwa kosa la mara ya kwanza alilolikiri, la sivyo la pili hutalisikia.

Limebaki la akina mama. Wametueleza, na tumelishuhudia, kwamba mwanamke akileta lalamiko hujibiwa haraka, "Mama, hii ilikuwepo," kwa dhana kwamba hajui gari lake. Mjane mmoja alituambia kwamba hulipa matengenezo ya alama zisizo zake kwa sababu hana wa kumsindikiza gereji. Hili ni dhulma, hata kama ni kwa shilingi chache, na waume na kaka wasilione dogo. Anayeweza kumsindikiza dada yake au jirani yake mjane akazunguka naye gari na afanye hivyo. Asiyeweza, mama aende na binti au kijana wake, apige picha zake, aulize maneno yaleyale tuliyoyataja, na asiondoke kwa sababu tu sauti imepandishwa.

Mwezi uliopita tulimpelekea tena fundi wetu gari, safari hii ni feni ya rejeta. Tulifika mapema, jua limeshatoka. Kabla hatujasema lolote alikuwa ameshachukua daftari la mistari ndani ya kontena, akaanza kulizunguka gari, akihesabu kwa sauti ili kijana wake aandike: taa ya kulia ina ufa, rimu ya mbele imekwaruzwa, kioo cha pembeni kimefungwa kwa waya. Alipofika kona ya nyuma upande wa kushoto akasimama, akatutazama, akacheka. "Hapa," akamwambia kijana, "andika pazima."

Wabillahi tawfiiq.